Maneno Yaliyoangukia Ngonga

Jumanne ya tarehe 14 Machi 1995, saa mbili kasoro robo asubuhi, Marystella alikuwa nyuma ya kituo cha afya anaanika glavu kwenye kamba. Zilikuwa jozi saba, zimechemshwa, zimenyunyizwa poda ndani zisigandane, na moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba ambalo alikuwa ameliziba kwa plasta. Alikuwa mkunga. Serikali ilimleta kutoka Kagera miaka sita nyuma, ikampa nyumba ya chumba na sebule karibu na Ipyana, na kwa miaka hiyo alikuwa amezoea joto, mbu na mvua za Kyela. Kinyakyusa alikijua cha kusalimia na cha kumwambia mama asukume.

Ndani, kitanda cha pili, alikuwa amelala Habiba. Alijifungua mtoto wa kike alfajiri, mtoto mzima mwenye sauti, lakini kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani na damu haikukatika. Marystella alikuwa amemchoma sindano zote alizokuwa nazo, ameminya tumbo mpaka mikono ikafa ganzi, ametundika dripu mbili. Sasa zilibaki dripu tatu. Mume wa Habiba, Mudathiri, muuza vitambaa wa Kyela mjini, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje na kofia yake mkononi. Ukoo wake ulitoka Pangani enzi za babu, na bado watu walimwita Mswahili, wala hakuona vibaya.

Upasuaji na damu ya kuongezea vilikuwa Lwangila, mji ulio juu, upande wa pili wa mlima. Barabara ya kupandia huko ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu Jumapili, na daktari wa karibu aliyeweza kumpasua Habiba alikuwa amekwama upande wa pili wa tope. Marystella alimweleza Mudathiri hayo yote bila kuzungukazunguka. Mudathiri alivaa kofia yake, akapanda baiskeli, akaenda uwanja wa ndege wa nyasi kumtafuta Theophil.

Theophil alikuwa rubani wa kampuni moja ya watu binafsi iliyokuwa ikinunua kokoa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi wa kila aina walikuwa wanakuja na mizani zao, na huyu tajiri wake alikuja na ndege ndogo ya injini moja. Theophil alikuwa mtu wa miaka arobaini na mbili, mpole, mwenye desturi ya kuzunguka ndege mara mbili kabla ya kupanda, akiigusa kila mahali. Mudathiri hakumaliza maneno. Theophil aling'oa viti vya nyuma, akatandika godoro, na saa tatu na dakika ishirini ndege ilinyanyuka kutoka kwenye nyasi, Habiba akiwa amelala sakafuni, Marystella amepiga magoti kando yake, dripu imetundikwa kwenye ndoano ya koti. Mudathiri hakwenda kwa sababu uzito haukuruhusu. Alibaki amesimama uwanjani mpaka mlio ukaisha, kisha akarudi kwa mtoto.

Kulikuwa kweupe. Ziwa lilionekana lote mpaka milima ya ng'ambo, mashamba ya mpunga ya Ngonga yaling'aa, na mbele yao mlima ulisimama bila wingu. Siku ya namna hiyo rubani huruka kwa macho yake tu. Lakini anga ya Lwangila ilikuwa na mwenyewe. Ukifika pembeni yake, unabisha hodi kwa redio, na mtu aliye mnarani anakupangia pa kupita na wakati wa kutua. Theophil alibisha hodi wakiwa juu ya migomba ya Tukuyu. Mnara ulimjibu kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa desturi yao na marubani wanaowajua, ukamwambia aingie na atoe taarifa akiuona uwanja. Halafu kitu kikalia tik, kama mtu aliyevunja kijiti, na masikioni mwake kukawa kimya.

Hakufanya haraka. Alipandisha sauti, akashusha. Alichomoa waya wa hedifoni akauchomeka tena. Aliangalia fyuzi. Alivaa hedifoni ya pili. Kimya. Ndipo akafanya yale aliyofundishwa kwenye chuo cha urubani cha Soroti, moja baada ya jingine. Alizungusha tarakimu kwenye kisanduku cha kuitambulisha ndege, saba sita sifuri sifuri, ambazo duniani kote maana yake ni kwamba ndege hii redio yake imekufa. Tarakimu hizo husomwa na rada. Lwangila hakukuwa na rada, lakini alizizungusha.

Kisha akaendelea kusema. Sheria inataka hivyo, kwa sababu huenda lililokufa ni sikio la redio na si mdomo wake, na kuna mtu anakusikia ingawa wewe humsikii. "Mnara wa Lwangila, hapa Kilo Tango," alisema, akitaja jina la ndege yake. "Redio yangu haisikii. Natuma hivyohivyo. Nina mgonjwa anavuja damu. Naja kutua. Nitaangalia taa yenu."

Mnarani huwa kuna taa ya mkono, mfano wa tochi kubwa. Redio zikigoma, mnara husema kwa taa. Kijani isiyopepesa: tua. Nyekundu isiyopepesa: mpishe mwenzako, endelea kuzunguka.

Walifika juu ya uwanja saa tatu na dakika arobaini na nane. Marystella alichungulia, akaiona njia ya kutulia imenyooka chini kama utepe, tupu, na kando yake watu wengi wamejipanga. Mnara ulikuwa mweupe. Kwenye dirisha lake iliwaka taa, nayo ilikuwa nyekundu.

Theophil alitikisa mabawa kulia na kushoto, kuonyesha kwamba ameiona. Akazunguka.

Alizunguka mara ya kwanza, taa nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu. Kila mzunguko alisema mahali alipo na kwamba ana mgonjwa anavuja damu, na kila mzunguko alitikisa mabawa. Marystella alikuwa amekandamiza tumbo la Habiba kwa ngumi, na kwa mkono mwingine, kila baada ya dakika tano, aliandika mapigo na presha nyuma ya kadi ya kliniki. Kwenye mzunguko wa tano alimwambia Theophil atue tu.

"Taa ni nyekundu, sista," alisema Theophil.

"Mbele hakuna kitu. Uwanja mtupu."

"Nyekundu maana yake kuna ndege nyingine ambayo mimi siioni na wao wanaiona. Nikitua nayo ikatua, tumekufa sote wanne na waliomo humo." Alihesabu wanne kwa sababu alidhani mtoto yumo. Hakuwa amegeuka kutazama nyuma tangu waondoke.

Habiba alifumbua macho akauliza kama wamefika. Marystella alimwambia wamefika, wanazunguka kidogo tu. Habiba alisema anasikia baridi. Marystella alivua koti lake jeupe akamfunika, kisha akaandika: saa nne na dakika nne, mapigo mia na arobaini na nane. Saa nne na dakika tisa hakuyapata kwenye kifundo cha mkono, akayatafuta shingoni, akayapata. Saa nne na dakika kumi na tano hakuyapata popote.

Hakumwambia Theophil. Aliendelea kukandamiza tumbo. Saa nne na dakika ishirini na nne ndege kubwa nyeupe ilitokea upande wa mashariki, ikatua, na waliojipanga wakaanza kupiga ngoma. Dakika tano baadaye taa ya mnara iligeuka kijani. Theophil alitua vizuri sana, bila ndege kudunda hata kidogo, kwa ajili ya mgonjwa, na mtu mwenye bendera akamwelekeza akasimame mwisho kabisa wa nyasi, asizuie msafara. Waliokuwa kwenye ile ndege nyeupe walikuwa wageni waliokuja kutazama kiwanda kilichokuwa kinauzwa.

Mkuu wa zamu wa uwanja alikuja baadaye, akamwangalia Theophil kwa huruma na kumwambia kwamba redio yake ni mbovu. Theophil alikubali. Alisema ndiyo, ni mbovu, ni kosa langu, niliikagua asubuhi ikawa nzima. Fundi alipoifungua alimhakikishia: sikio lilikuwa limeungua, mdomo ulikuwa mzima. Theophil hakulitilia maanani jambo hilo wakati ule, kwa sababu alikuwa anatazama nguo za Marystella.

Wanaume walimbeba Habiba kwa machela kuvuka maporomoko, na akazikwa Kyela kesho yake asubuhi. Wifi yake Mwasiti alimchukua mtoto, akampa jina Raudha. Mudathiri alimshika Marystella mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumsindikiza mkewe. Alisema mipango ya Mungu haina redio wala nini. Marystella alirudi kituoni akalala siku mbili, siku ya tatu akaanika glavu.

Kyela iko chini. Kila kinachopotea huko juu mlimani hushukia Kyela mvua ikinyesha: magogo, mikungu ya ndizi, mbuzi, milango, na mwaka mmoja zilishuka kwa mto Kiwira hata kelele za harusi nzima iliyokuwa imefanyika Tukuyu wiki mbili kabla, zikapita usiku kucha kuelekea ziwani. Kwa hiyo mvua kubwa ya Ijumaa tarehe 24 Machi ilipomaliza kunyesha, na wakulima wa Ngonga wakakuta sauti ya mtu kwenye majaruba ya mpunga ya Marta, walitazama kwanza kama haijavunja kingo za majaruba. Haikuwa imevunja. Wakaendelea kupalilia.

Marta alikuwa mjane wa makamo mwenye majaruba kumi na moja ya mpunga. Jumatatu alikuja kituoni kusafishwa kidonda cha mguu. Alimsalimia Marystella, mugonile, wakaulizana habari za nyumbani, na alipokwisha kuinua mguu kwenye stuli alisema kuna mtu shambani kwake anamwongelesha rubani.

"Anasemaje?" aliuliza Marystella.

"Anamwambia asitue."

Marystella alimaliza kufunga kidonda, akakata bandeji, akaweka mkasi kwenye sufuria ya maji ya moto. Kisha alikwenda nyumba ya wageni alikokuwa amepanga Theophil akisubiri uchunguzi, wakaenda Ngonga kwa baiskeli mbili.

Maneno yalikuwa yameanguka bila mpangilio, moja huku jingine kule, kama vitu vinavyoanguka kutoka juu sana. Hayakuonekana. Ulitakiwa uingie kwenye jaruba mpaka magotini, uiname kidogo, na pale yalipokuwa uliyasikia wazi, sauti ya mwanamume kijana, yenye mkwaruzo wa redio. Sentensi ilikwisha, ikapumzika, ikaanza upya. Mpunga uliozunguka ulikuwa wa kijani kama mwingine.

Katika jaruba la kwanza sauti ilisema: Kilo Tango, nakusikia vizuri sana.

Theophil alisimama. Alisikiliza mara tatu. Akahamia jaruba la pili, ambako ilisema: Kilo Tango, nimeelewa, una mgonjwa anavuja damu, endelea kuzunguka. Katika la tatu ilisema imemwona akitikisa mabawa, asante. La nne lilikuwa na maneno mawili yaliyoanguka karibukaribu, ukisimama katikati uliyasikia yote. Moja lilisema uwanja uko wazi. Jingine lilisema usitue, nasubiri maelekezo.

Yalikuwa ni yale maneno ambayo mnara ulimwambia Theophil asubuhi ile, na ambayo redio yake haikuyapokea. Kwa kuwa hayakupokelewa, yalibaki juu, na mvua iliponyesha yakateremka na maji.

Jaruba la saba lilisema wageni bado hawajaondoka walikotoka, wamechelewa, endelea kuzunguka. Jaruba la nane lilisema wageni wameondoka sasa hivi. Theophil alitoka nje ya maji, akaketi kwenye tuta, akavua viatu, akavivaa tena. Marystella aliendelea peke yake. Hasira hakuwa nayo bado. Alihisi tu kama mtu aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakuwa na ugomvi naye. Alikuwa ameamini, kwa siku kumi na tatu, kwamba juu kule hakuna aliyejua. Alikuwa amelala kwa imani hiyo.

Jaruba la kumi na moja lilikuwa pembeni, karibu na mfereji. Pale sauti haikuwa ya kikazi. Ilisema kwa chinichini: Kilo Tango, mgonjwa bado yupo?

Theophil alipoambiwa hilo alisema hakulisikia. Alisema mara kadhaa. Kama angelisikia angejibu, alisema, angejibu.

Mudathiri aliambiwa jioni ileile, dukani, na Marystella mwenyewe. Alifunga milango, akakunja suruali, akaenda. Marystella alikwenda naye. Alipita jaruba moja baada ya jingine kwa utaratibu, na katika kila moja alisimama mpaka akaridhika kwamba amesikia neno la mwisho. Katika jaruba la saba aligeuka.

"Alikuwa hai wakati huo?"

Marystella alikuwa na ile kadi ya kliniki mfukoni. Alifikiria kusema hajui. Lakini alishampa mtu huyu uongo mmoja, aliposema kwamba Habiba alikwenda kimyakimya bila kuhisi baridi, na hakuwa na nguvu ya kuongeza mwingine.

"Alikuwa hai," alisema. "Alikuwa anazungumza."

Mudathiri aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea salamu. Alipofika jaruba la mwisho, sauti ikauliza kama mgonjwa bado yupo, alijibu. "Yupo," alisema kwa adabu. "Yupo. Wape taa watue." Sauti ilipumzika, ikauliza tena. Alijibu tena. Walikuwa hapo mpaka vyura wakaanza, na kila mara Mudathiri alijibu, wala hakupaza sauti, na Marystella alisimama nyuma yake ndani ya maji akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Kesho yake Mudathiri alifungua duka kama kawaida. Mteja alitaka yadi nne za drili. Mudathiri alipima nne, akaendelea kupima, akapima mpaka jora lote likaisha na kitambaa kikajaa sakafuni, na mteja akamsaidia kulikunja upya.

Waliandika barua kwa ofisi ya usafiri wa anga. Theophil aliandika yake, Marystella aliandika yake akaambatanisha nakala ya kadi, Marta akaweka dole gumba kama mwenye shamba. Mwishoni mwa Aprili, barabara ilipokuwa imefunguliwa, alikuja mchunguzi, mzee nadhifu aitwaye Eliud, na kinasa sauti chenye mfuko wa ngozi nyeusi. Alikuwa mtu makini. Alikopa buti za mpira, akaingia katika majaruba yote kumi na moja, akarekodi kila neno, akalisikiliza tena kwenye kinasa kuhakikisha limeingia. Lilikuwa limeingia vizuri. Aliuliza ukubwa wa shamba na aina ya mpunga. Hakuna hata mara moja alipodai kwamba wanatunga.

Baada ya chakula, kwenye kibaraza cha Marta, aliwaeleza hali ilivyo. Maneno haya ni ya kweli, alisema, na sauti inafahamika. Tatizo lilikuwa mahali. Mnara una utepe wake unaorekodi kila kinachosemwa, na huo ndio ushahidi. Utepe wa saa ile ulikuwa umetumika tena kurekodi kwaya iliyowapokea wageni. Maneno ya angani yako chini ya ofisi yake yanapokuwa angani. Yakishafika ardhini yanakuwa chini ya serikali ya kijiji.

"Na kijiji kinaweza kufanya nini?" aliuliza Marystella.

Eliud alisema kijiji kinaweza kuyatunza. Alimshukuru Marta kwa samaki, ndaga fijo, alikuwa ameshajifunza, akaondoka kabla mvua ya alasiri haijaanza.

Ripoti ilitoka Mei. Ilikuwa na kurasa sita. Ilisema chanzo ni hitilafu ya redio ya ndege, na kwamba rubani alizingatia ishara za taa kama inavyotakiwa. Kwa kuruka na redio iliyoharibika alifungiwa leseni miezi kumi na minane. Kuhusu Ngonga, aya moja ilieleza kwamba sauti zilizoripotiwa zimethibitishwa kuwepo na hazihatarishi usafiri wa anga.

Tajiri wa kokoa alimleta rubani mwingine. Theophil alikaa Kyela, akapata kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa mpunga karibu na stendi. Mashine ile ilikuwa na kelele nyingi, na aliipendea hizo. Watu wa Ngonga walimwomba radhi kana kwamba wao ndio waliomfungia. Marystella alizalisha wanawake ishirini na sita mwezi ule, na kila mmoja aliyetoka damu kidogo kupita kiasi alimfanya atazame juu.

Juni mpunga ulipokomaa, ndege waharibifu walishuka makundi kwa makundi juu ya mashamba ya Ngonga na Talatala. Kwa Marta hawakutua. Sauti iliwafukuza. Wakulima wa jirani walikuja kuuliza kama anaweza kuwagawia walau jaruba moja la maneno, na Marta akawaambia waombe mvua.

Wiki ya pili ya mavuno alikuja mtu mgeni kwa basi la asubuhi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, amevaa shati jeupe, amebeba begi dogo. Aliuliza kituo cha afya, akaelekezwa, akamkuta Marystella anaandika kwenye rejista. Alimwamkia shikamoo, ingawa hawakupishana sana umri, akasema anaitwa Jovitus.

Marystella alimjua kabla hajamaliza jina. Hakumjua kwa sura. Alikuwa ameisikia sauti hiyo mara nyingi kuliko ya ndugu zake wa tumbo moja, lakini pale shambani, kwa ule mkwaruzo, hakuwahi kuitambua lafudhi. Sasa aliitambua. Alikuwa mtu wa Karagwe, wa kwao Kagera. Aliinuka, akaketi tena.

Jovitus alisema ana ombi moja, apelekwe. Walitembea. Njiani alieleza bila kuulizwa kwamba sasa amehamishiwa kituo kikubwa zaidi, ana watu watatu chini yake, na kwamba mke wake alijifungua mwezi uliopita, salama. Alilisema hilo la mwisho kama mtu anayekiri. Walipofika alivua viatu, akaweka soksi ndani yake, akaingia. Maji yalikuwa yamekauka, ardhi ilikuwa laini tu, na wavunaji wa Marta walikuwa wanakata mpunga kwa visu upande wa juu.

Alisikiliza maneno yake yote. Katika jaruba la mwisho alichuchumaa.

"Ni mimi," alisema alipotoka. "Nilimuuliza mara tisa. Nilidhani amekasirika ndiyo maana hajibu."

"Hakuwa anasikia."

"Najua hakuwa anasikia. Alikuwa anasema kila mara kwamba hasikii. Nilidhani hivyo hivyo." Alijifuta mikono kwenye suruali, ikaacha alama za tope. "Mimi nilikuwa nimeshika taa, sista. Kubadilisha rangi ni kidole kimoja."

Marystella alikuwa amejiandaa kwa miezi mitatu kwa ajili ya mtu huyu. Alikuwa na maneno, mengine ya Kihaya. Sasa alijikuta anamuuliza kitu kimoja tu: nani alimwambia aweke nyekundu.

Jovitus alisema ilikuwa simu. Simu ya mezani iliita saa tatu na nusu, mtu akamwita kwa jina lake la ukoo, akasema anga iwe safi mpaka wageni watue. Saa tatu na dakika hamsini Jovitus mwenyewe alipiga namba ya ofisi ya wakubwa wake kueleza habari ya mgonjwa, akaambiwa asubiri. Ilipoita tena sauti ilikuwa ileile, ikasema maelekezo hayajabadilika. Haikutaja jina. Tangu siku hiyo alikuwa ameuliza kila ofisi, na kila ofisi ilisema haikupiga. Alipopata habari za Ngonga aliomba likizo ya siku moja. Alifikiri, kama yake yameanguka, huenda na ya yule mtu yameanguka hapohapo, na akiyasikia tena atamtambua.

Walitafuta. Walipita majaruba kumi na moja, kisha ya jirani, kisha kingo za mfereji mpaka unapoingia mtoni. Wavunaji waliwapisha. Walisikia chura, walisikia redio ya mtu ikitangaza habari za vyama na wagombea, walisikia Jovitus wa Machi akisema anasubiri maelekezo. Kitu kingine hapakuwa. Jua lilipokuwa utosini Marta aliwaendea na kibuyu cha togwa, akawauliza wanatafuta nini, akaambiwa.

"Ya simu?" alisema Marta. Aliwaonyesha kwa kisu nguzo zilizopita mbali kule, kando ya barabara ya Kyela, na nyaya zake. "Hayo hayashukagi hapa. Yanapita kwenye waya yakafika."

Jovitus alitazama nyaya. Kisha aliuliza kama yale yake yanaweza kung'olewa. Marta alimwambia yanafukuza ndege, mwakani atayahitaji, na hata hivyo hajui yana mizizi kiasi gani. Jovitus alisema anaelewa. Alikunywa togwa, akarudisha kibuyu kwa mikono miwili, akaketi kwenye tuta akavaa soksi juu ya tope.

Marystella alimuuliza kama atalala Kyela. Palikuwa na nyumba ya wageni nzuri, alisema, na yuko mtu mashineni ambaye huenda angependa kuonana naye. Lilimtoka kabla hajajua kama ni wema au ukatili.

"Siwezi," alisema Jovitus. "Lazima nipande basi la saa tisa. Kesho nina zamu." Alifunga kamba za kiatu cha kushoto, akahamia cha kulia. "Kuna wageni."

"Wanakuja saa ngapi?"

"Sijaambiwa bado," alisema. "Watanipigia."